Dawa ya shangazi imetushinda bei: huo ushirikiano wa kimataifa tunaingiaje tukiwa Mpwapwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mpwapwa. Shangazi yangu, mdogo wa baba, ana saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji Dodoma mjini, akaanza dripu, na sasa majibu yamesema ana HER2. Ameandikiwa dawa inayoitwa trastuzumabu, na bei tuliyotajiwa imetuvunja moyo hata kabla ya kikao cha ukoo. Nimesoma mtandaoni kwamba kampuni kubwa za dawa na mashirika ya nje wana ushirikiano wa kuleta dawa za saratani bure au kwa bei ndogo kwenye nchi kama yetu. Tunajiunga wapi? Na je, ni kweli kwamba dawa hizo za msaada ni zile zilizobakiza siku chache kuisha muda?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na poleni sana nyumbani. Umeniita daktari, nami nimeitikia, ila mimi ni mfamasia. Kwa swali lako hilo si tatizo, maana ulichouliza ni habari ya dawa inavyosafiri kutoka kiwandani hadi kwenye mkono wa shangazi, na huko ndiko ninakoshinda.

Nianze na jibu ambalo hutalipenda. Sehemu kubwa ya ushirikiano uliousoma haina fomu ya mgonjwa kujaza. Hakuna ofisi ya kujiunga, iwe Dodoma, Dar es Salaam au mtandaoni. Anayejiunga ni serikali, bohari au hospitali, na mgonjwa anakutana na matunda yake akiwa tayari amelala kitandani, mara nyingi bila kujua kuwa chupa iliyotundikwa juu yake ilishushwa bei na watu walioketi mezani miaka kadhaa iliyopita. Kwa hiyo swali la "tunajiunga wapi" libadilishe liwe "hospitali inayomtibu shangazi inapata dawa yake kwa njia ipi". Hilo lina majibu, na una haki ya kuliuliza.

Najua wazo la kujiunga limetoka wapi. Kuna mpango mmoja uliofanikiwa mno hadi watu wanadhani dawa zote za saratani zina mpango kama huo. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha dawa ya vidonge, imatinibu, inayouzwa na Novartis kwa jina la Glivec, kwa ajili ya saratani ya damu ya aina moja ambayo zamani ilimmaliza mgonjwa ndani ya miaka michache. Mwaka uliofuata kampuni hiyo na shirika la The Max Foundation wakaanza kuwapa bure wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo. Kwa Tanzania wagonjwa hao wamekuwa wakihudumiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Huko ndiko utakuta mtu anameza kidonge kila siku, analima, anasomesha watoto, na dawa hajawahi kuinunua.

Lakini angalia masharti yake. Mgonjwa hakujiandikisha mwenyewe. Daktari aliyekubaliwa kwenye mpango ndiye aliyemwandikisha, tena baada ya kipimo cha vinasaba kuthibitisha kwamba ugonjwa ni ule hasa unaotibiwa na kidonge kile. Asiye na kipimo hakupata dawa, hata angelia namna gani. Miaka yote hiyo dawa ilikuwepo bure, na bado wako waliokufa wakiwa njiani kwenda kutafuta kipimo. Hili lishike, kwa sababu ndilo linalomhusu shangazi kuliko yote nitakayosema.

Aina ya pili ya ushirikiano ni ya bei. Mwaka 2017 mashirika mawili ya Marekani, American Cancer Society na Clinton Health Access Initiative, walikubaliana na kampuni za Pfizer na Cipla kuuza dawa za kemo kwa bei iliyokaribia gharama ya kuzitengeneza, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi sita za mwanzo, pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia na Nigeria. Mwaka 2020 mpango huo ukapanuliwa, nchi zikaongezeka, na orodha ikafika dawa takriban 20. Hapa hakuna cha bure. Dawa inanunuliwa, ila kwa bei ya chini, na mnunuzi ni taifa. Dripu alizokwisha kupata shangazi, kama zilikuwemo ile nyekundu wanayoiogopa wagonjwa wote, doksorubisini, au paklitakseli, ni za kundi ambalo mikataba ya namna hii imelilenga. Hizo siku hizi si mlima. Mlima ni hii mliyoandikiwa sasa.

Kwa nini trastuzumabu ni ghali? Dawa nyingi za zamani za kemo hutengenezwa kwa kuchanganya kemikali. Hii inazalishwa na chembe hai zinazofugwa kwenye matangi, inachujwa hatua nyingi, na lazima ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kwa muuguzi. Kwa miaka mingi ilikuwa na mtengenezaji mmoja tu, Roche, kwa jina la Herceptin. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Desemba 2019 likafanya jambo ambalo kwa maoni yangu limewasaidia wanawake wengi kuliko hafla kadhaa za kukabidhi hundi: likaidhinisha trastuzumabu ya kwanza isiyo ya mtengenezaji wa asili, yaani dawa fanani. Lilieleza kwamba dawa za namna hii kwa kawaida ni nafuu kwa asilimia 65 hivi kuliko ile ya awali.

Basi swali la kwanza la kumpelekea mfamasia wa hospitali ni hili: bei mliyotutajia ni ya Herceptin yenyewe au ya dawa fanani? Msione aibu kuomba fanani. Nimeshaona ukoo ukiuza ng'ombe ili kununua "ile original" wakati fanani iliyosajiliwa ipo kwenye jokofu la hospitali ileile. Cha kuangalia ni usajili wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, si jina lililoandikwa kwa rangi kwenye boksi. Na mamlaka yetu hiyo si ya kubeza: mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikishwa na Shirika la Afya Duniani kwenye ngazi ya tatu ya ubora wa udhibiti wa dawa.

Hapo hapo nijibu lile la dawa zinazokaribia kuisha muda. Hofu yako ina historia. Zamani misaada ya dawa ilikuja kama mitumba, unafungua boksi hujui utakuta nini. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani likaweka mwongozo kwamba dawa ya msaada ikifika nchini iwe imebakiza angalau mwaka mmoja, iwe kwenye orodha ya dawa za nchi inayopokea, na iandikwe kwa lugha ambayo watoa huduma wanaielewa. Zipo kesi ambazo nchi inakubali kwa makusudi dawa yenye muda mfupi kwa kuwa itatumika haraka. Lakini mipango niliyoitaja, ule wa Glivec na ile ya bei, haikujengwa juu ya mabaki. Tarehe imeandikwa kwenye chupa, muuguzi akikataa kukuonyesha ana tatizo lake mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye kipimo, na hapa naomba uvumilie maana nitakaa kidogo.

Umeandika kwamba majibu yamesema "ana HER2". HER2 ni protini iliyo juu ya chembe, na ikizidi kwenye chembe za saratani ndiyo trastuzumabu inayoilenga. Kaitafute karatasi yenyewe. Majibu ya HER2 hutolewa kwa alama: 0, 1+, 2+ au 3+. Ikiwa 3+, trastuzumabu ina kazi ya kufanya. Ikiwa 0 au 1+, dawa hii haitamsaidia. Ikiwa 2+, hiyo ni sijui, na inahitaji kipimo kingine cha vinasaba kabla ya mtu yeyote kutoa hata shilingi moja. Kati ya wanawake wenye saratani ya titi, wenye HER2 ya kweli ni kama 15 hadi 20 kwa kila 100. Nasisitiza kwa sababu nimekutana na familia iliyochangishana kwa majibu ya 2+ yaliyosomwa haraka haraka kuwa chanya.

Na uaminifu wa alama hiyo unaanzia mbali, unaanzia dakika kinyama kilipotolewa. Kinatakiwa kitumbukizwe kwenye fomalini ya kutosha ndani ya saa moja, kisha kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72. Sasa niambie, kinyama kilichokatwa Ijumaa mchana, kikawekwa kwenye kichupa chenye maji ya dripu kwa kuwa fomalini imeisha, kisha akapewa ndugu abebe mwenyewe kupeleka maabara Jumatatu, kitasema ukweli gani? Muulizeni daktari kama maabara ina shaka yoyote na sampuli. Kile kipande hutunzwa kwenye nta kwa muda mrefu, kinaweza kupimwa upya bila kumkata shangazi tena.

Kwa hili nina ugomvi na wafadhili, na sitauficha. Wengi wanapenda kutoa dawa na mashine, vitu vinavyopigwa picha. Ni wachache wanaotaka kulipia fomalini, nta, na mshahara wa mtu wa maabara ya magonjwa. Wapo waliofanya vizuri zaidi. Mradi uliozinduliwa mwaka 2020 na Aga Khan pamoja na Shirika la Maendeleo la Ufaransa kwa ajili ya Dar es Salaam na Mwanza ulihusisha Ocean Road na hospitali za Bugando na Muhimbili, na uligusa uchunguzi wa mapema, mafunzo na rufaa, si matibabu peke yake. Ila utaona ramani yake: Dar es Salaam na Mwanza. Sisi wa katikati tulibaki kuwa watu wa kupita.

Kwenye karatasi hiyo hiyo tazameni pia mstari wa vipokezi vya homoni, estrojeni na projesteroni. Kama ni chanya, shangazi atahitaji pia kidonge cha kuzuia homoni kwa miaka isiyopungua 5, kwa kawaida tamoksifeni au mwenzake. Tamoksifeni ni rahisi kiasi kwamba hakuna shirika linaloitangaza. Usiache macho ya wote yaelekee kwenye chupa ya bei kubwa mpaka kidonge cha bei ndogo kikasahaulika. Hutokea.

Kabla ya dozi ya kwanza lazima apimwe moyo kwa echo, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, na kipimo kirudiwe kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu trastuzumabu inaweza kudhoofisha moyo, hasa kwa mtu aliyepitia ile dripu nyekundu. Kwa hili Dodoma hatuna unyonge, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina kitengo cha moyo.

Halafu kuna idadi ya dozi. Kawaida ni kila wiki tatu kwa mwaka mzima, dozi 17 au 18. Hapo ndipo hesabu inapowatia watu kizunguzungu. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza wa wanawake zaidi ya 4,000, uliochapishwa mwaka 2019, ulilinganisha miezi sita na kumi na miwili kwa saratani iliyowahiwa mapema, na matokeo ya miezi sita hayakuwa mabaya zaidi kwa kiwango walichokuwa wamekiweka, na waliosumbuliwa na moyo walikuwa wachache kuliko kwa wale wa mwaka mzima. Si madaktari wote wanaokubali kuufuata, na kwa baadhi ya wagonjwa mwaka unabaki kuwa bora. Mimi simwandikii shangazi dozi. Nakuambia tu kwamba mnaweza kumuuliza daktari, kwa heshima: "Kama uwezo wetu ni miezi sita, je, kwa hali yake inafaa?" Hilo ni bora mara mia kuliko kuanza kwa kishindo na kuishia dozi ya tatu. Kwenye kikao cha ukoo hesabu ifanywe ya dozi zote mtakazokubaliana na daktari kabla ya ile ya kwanza kuingia mshipani.

Nani alipe? Wewe ni mwalimu, una NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, na nadhani umeshafikiria kumwingiza. Bahati mbaya orodha ya wategemezi inatambua mwenzi, watoto, wazazi na wakwe. Shangazi hayumo, hata kama ndiye aliyekulea na kukununulia daftari la kwanza. Angalieni kama ana mtoto aliye kwenye ajira rasmi, maana kwa huyo yeye ni mzazi na anaingia. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, haikuundwa kubeba gharama za aina hii. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na vifurushi vyake ni vya kuuliza kwenye ofisi ya NHIF Dodoma, si kwa jirani.

Njia ya pili ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Sera yetu ya msamaha kwa muda mrefu imeitaja saratani kati ya magonjwa ambayo asiye na uwezo hapaswi kurudishwa. Msamaha hautoi dawa isiyokuwepo stoo, lakini unaweza kufuta gharama za kitanda, vipimo na dripu, mkabakiwa na mzigo mmoja badala ya minne. Nendeni na barua ya mtendaji wa kijiji, na mwende mapema, kabla deni halijaandikwa. Afisa ustawi pia ndiye anayejua kama hospitali ina mfuko au mfadhili wa wakati huo. Kama kuna mlango wa ushirikiano ambao mgonjwa anaweza kuubisha mwenyewe, ni huo.

Kuhusu mionzi hukuuliza, ila baada ya upasuaji wa titi huenda akaandikiwa. Rufaa ya wagonjwa wa kwetu kwa miaka mingi imekuwa Ocean Road, na Bugando kwa wa Kanda ya Ziwa. Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki ulianzisha mwaka 2022 mpango uitwao Rays of Hope wa kusaidia nchi kupata mashine za mionzi na watu wa kuziendesha, na unafanya kazi na serikali, si na mgonjwa. Lakini kwa mtu wa Mpwapwa naona kilicholeta nafuu kubwa ni wanasayansi waliothubutu kufupisha matibabu. Zamani mionzi ya titi ilikuwa wiki tano, mara 25. Ikaja kuthibitishwa kwamba mara 15 kwa wiki tatu inatosha, na mwaka 2020 utafiti mwingine wa Uingereza ukaonyesha kuwa kwa wagonjwa wengi mara 5 kwa wiki moja inafanya kazi ileile. Piga hesabu ya chumba na chakula Dar es Salaam kwa wiki tano, halafu kwa wiki moja. Ulizeni kama ratiba fupi inamfaa. Usafiri nao si ule wa zamani: treni ya SGR, reli ya kisasa, ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza Julai 2024, na ipo stesheni Gulwe, wilayani kwenu. Hakikisheni tu treni mnayokata tiketi inasimama hapo.

Kama unataka kuona ushirikiano unaofaa unafananaje, huna haja ya kwenda mbali. Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018 kwa kushirikiana na kundi la hospitali la Tokushukai la Japani. Wajapani walikuja, wakafanya pamoja na madaktari wetu, wakarudi tena na tena, na ujuzi ukabaki kwenye mikono ya watu wanaoishi Dodoma. Kwa saratani hicho ndicho ningekidai: mtu wa maabara anayesoma HER2 hapa hapa, mfamasia anayejua kuchanganya dripu kwenye kabati salama, daktari wa saratani asiyehamishwa kila mwaka. Dawa ya bure inayokuja bila hao huishia kuhesabiwa kwenye ripoti.

Jihadhari na jambo moja. Ukishaanza kuulizia mitandaoni "msaada wa dawa za saratani", utapigiwa simu na mtu mwenye lugha tamu atakayesema ni wakala wa kampuni fulani, na kwamba nafasi zimebaki mbili. Atataka ada ya usajili kwa simu. Hakuna mpango wa kweli kati ya niliyotaja unaomtoza mgonjwa ada ya kuingia, wala unaomfuata mgonjwa kwa simu bila kupitia daktari wake.

Na wakati mnahangaika, shangazi asisimame. Kama bado ana mizunguko ya kemo, aimalize kwa tarehe zake. Trastuzumabu ni nyongeza yenye nguvu juu ya upasuaji na kemo, haizifuti. Mwanamke aliyemaliza kemo yake kwa wakati bila trastuzumabu yuko mahali pazuri kuliko yule aliyesubiri nyumbani miezi minne mpaka mfadhili apatikane.

La mwisho ni la jokofu. Mkiamua kununua wenyewe, msikubali ndugu wa Dar es Salaam ainunue duka la dawa na kuipakia kwenye basi ndani ya mfuko wa rambo wenye barafu. Dawa hii inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 njia nzima, na mfuko wa barafu hauwezi kukuhakikishia hilo; ikiharibika, kwa macho huenda usitambue. Iagizwe na famasia ya hospitali atakapochomwa, ipokelewe na kusainiwa na mfamasia pamoja na rekodi ya joto la safarini, nanyi mbaki na risiti yenye namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi.